Tangulia na Foleni ya Nguo Ambazo Hazipo

Mume wa binti yangu ana ugonjwa wa milango. Akifika mlangoni na nyuma yake kuna mtu anayemzidi umri hata kwa wiki, husogea kando, akainamisha kichwa na kusema, "Tangulia, mzee." Akija mama, "Tangulia, mama." Akija mtu ambaye umri wake haueleweki, humpa heshima ya kumdhania mkubwa, na hilo limemgombanisha na wasichana wengi. Siku moja alikwenda benki asubuhi akarudi jioni akiwa bado hajaingia. Siku nyingine, na hii niliiona kwa macho yangu, ambayo hayajawahi kunidanganya ila pale nilipoyaomba, alimpisha sanamu wa dukani aliyevalishwa koti na kofia. Akamngoja apite mpaka mwenye duka akafunga.

Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Tangulia. Hata mama yake mzazi siku hizi akipiga simu huuliza, "Tangulia yupo?"

Kazi yake ni kuandika programu za kompyuta. Alipomwoa binti yangu alikuwa na ajira na meza yake mwenyewe, lakini kampuni ile ikafunga milango, naye, mtu wa milango, akabaki nje. Wakahamia kwangu, kwenye chumba cha nyuma.

Sasa mwanamume mwenye haya kama zile kuishi nyumba moja na mama mkwe ni kama paka kuishi ndani ya ndoo ya maji. Bafu letu liko mwisho wa korido, na korido inakatiza sebuleni ninapokaa. Akishaoga hawezi kupita mbele yangu na taulo, roho itamtoka. Basi husimama nyuma ya mlango wa bafu akisikiliza. Nikikohoa, anajua nipo, anabaki. Na mimi, Mungu anisamehe, asubuhi hizo nilikuwa na kikohozi kikali sana. Siku moja alikaa mle mpaka sabuni ikaota majani.

"Mama, mwache mwenzio atoke!" binti yangu alinifokea. Yeye ni fundi viatu, na ulimi wake ameunoa kwenye jiwe lile lile analonolea visu vyake.

"Nimemzuia nani? Mimi nakohoa kwenye nyumba yangu."

"Akipata kazi tunahama, utakohoa na kuta."

Kazi akaipata, lakini ya majaribio. Kilikuwa kiwanda cha kufulia nguo, chenye kufua mashuka ya hospitali, taulo za hoteli, na nguo za watu wa majumbani wasiopenda kulowa mikono. Mwenye kiwanda ni mwanamke ambaye wafanyakazi humwita Pasi, kwa sababu ni moto na akikupitia unanyooka. Pasi alikuwa amenunua mashine ndefu kama treni. Nguo chafu zinapanda kwenye mkanda, kamera inazitazama moja moja, kisha kila nguo inasukumwa kwenye pipa lake: la maji ya moto, la vuguvugu au la baridi. Mwili wa mashine ulikuwepo, ila akili haikuwepo. Akili ndiyo Tangulia aliitwa kuiandika.

"Ukifaulu majaribio," Pasi alimwambia, "kazi ni yako, na ile nyumba ya nyuma ya kiwanda mtakaa wewe na mkeo. Usipofaulu, nguo zitachambuliwa kwa mikono kama zamani, na wewe nakurudisha kwa mama mkwe wako."

Alivyonitaja ungedhani anataja jela. Tangulia aliporudi nyumbani kusimulia, maskini, nikakohoa kidogo kumkaribisha.

Basi akaanza kuandika. Aliandikia mezani sebuleni, maana chumba cha nyuma hakina meza, na mimi nilikaa pembeni nikimenya viazi na kumuuliza maswali. Hakuweza kuninyamazisha, adabu zilimkataza.

"Unaandika nini, mwanangu?"

"Orodha, mama."

"Ya nguo?"

"Hapana, mama. Ya aina za nguo."

"Si ni kitu kimoja?"

"Si kimoja, mama. Shati hili nililovaa ni nguo, unaweza kulishika. Lakini *shati* kwa jumla, lile shati ambalo mashati yote ni mashati kwa sababu yake, huwezi kulishika. Hiyo ndiyo aina. Orodha yangu haina nguo hata moja. Ina aina tupu: nguo, sufu, sweta, shuka, hariri."

"Kwa hiyo umepanga foleni ya nguo ambazo hazipo."

"Ndiyo, mama. Ni hivyo hasa."

"Na nani anaisoma foleni hiyo?"

Hapo macho yakamwaka, kama mtu aliyeulizwa habari za mchumba. Akanieleza kwamba ndani ya kompyuta kuna msomaji anaitwa kompaila. Kazi ya kompaila ni kupitia maandishi yote kabla mashine haijawashwa, kabla mkanda haujatikisika, kabla tone moja la maji halijamwagika. Yeye ndiye anayeyageuza maandishi ya mtu kuwa amri za mashine, na akiona kosa anakataa katakata.

"Na mimi simwandikii kila kitu," Tangulia akaendelea. "Namwandikia violezo. Kiolezo ni maandishi yenye tundu, kama karatasi ya kukatia viatu anayotumia mke wangu. Karatasi ni moja, viatu ni vya kila saizi. Nasema, *kwa aina yoyote itakayowekwa hapa, tengeneza hivi na hivi.* Kompaila anachukua orodha, anaitia aina moja moja kwenye tundu, ananiandikia mengine yote mwenyewe."

"Anazitiaje? Zote kwa mpigo?"

"Hapana, mama. Orodha ina kichwa na mkia. Kichwa ni aina ya kwanza. Mkia ni orodha ya zilizobaki. Anashughulikia kichwa, kisha anauchukua mkia. Na ule mkia nao ni orodha, una kichwa chake na mkia wake. Anashughulikia kichwa hicho, anachukua mkia wake. Hivyo hivyo mpaka mkia uwe mtupu."

Niliacha kumenya. "Mnyama gani huyo, mkia wake una kichwa?"

"Si mnyama, mama."

"Mimi nishamwona. Nilipokuwa msichana alipita nyuma ya nyumba yetu, akapita Jumatatu, tukalala, tukaamka, bado anapita."

Binti yangu, aliyekuwa anashona kiatu pembeni, akacheka mpaka akachomwa na sindano. Tangulia hakucheka. Alisema kwa upole, "Basi huyo hakuwa na orodha tupu mwishoni," akarudi kwenye kazi yake.

Kiwandani hali haikuwa ya kumenya viazi. Fundi mkuu, mzee mwenye mikono kama koleo, hakupenda mtindo huu hata kidogo. Yeye zamani aliandika programu za mashine za kupakia sabuni kwa mtindo wa *kama ni hivi fanya hivi, kama ni vile fanya vile*, ukurasa baada ya ukurasa, na hazijamsumbua.

"Kijana," alimwambia Tangulia mbele ya watu, "unapika kabla ya kununua sufuria. Andika tu: kama ni shuka, moto. Kama ni hariri, baridi. Umemaliza, tunakunywa chai."

"Ni kweli, mzee. Lakini kila aina inahitaji kutajwa sehemu nyingi. Kwenye kamera, kwenye maji, kwenye sabuni, kwenye kukausha. Ikija aina mpya, mtu ataitaja sehemu tatu, ya nne ataisahau. Mashine itakwenda vizuri mpaka siku hiyo nguo hiyo ipande mkandani. Orodha ikiwa moja, na kompaila ndiye anayeipitia, aina isiyokuwa na maji yake ataikataa hapo hapo, sisi bado tumekaa."

"Wewe na huyo kompaila wako mtakuja kufuliana nguo," fundi mkuu akasema, na wote wakacheka.

Ikafika siku ya jaribio. Pasi alitaka nguo za watu halisi, siyo mashuka ya kiwanda pekee, kwa hiyo akawaambia wafanyakazi walete familia na mafurushi. Nilikwenda na binti yangu, nimebeba blanketi langu na nguo za mwaka mzima, maana kufuliwa bure hakutokei mara mbili. Pasi mwenyewe, kuonyesha imani, alivua sweta lake la sufu. Lilikuwa sweta zuri, la rangi ya damu ya mzee, lenye vifungo vya pembe, alilofumiwa na dada yake. Akaliweka mkandani kwa mkono wake.

Tangulia akabonyeza. Treni ikanguruma. Shuka likaenda kwenye maji ya moto, watu wakapiga makofi. Taulo, maji ya moto, makofi. Suruali ya fundi mkuu, maji ya moto, makofi kidogo. Blauzi yangu ya hariri, maji ya moto.

"Hiyo si ilitakiwa baridi?" binti yangu akaninong'oneza.

Kabla sijajibu, sweta la Pasi likafika mbele ya kamera. Kamera ikalitazama. Mkono wa chuma ukalisukuma, taratibu, kwa adabu, kwenye pipa la maji yanayochemka.

Lilitoka upande wa pili likiwa kubwa kama soksi. Sisemi soksi ya mtu mzima. Vifungo vya pembe vilikuwa vimegusana. Pasi alijaribu kupitisha mkono, vikapita vidole viwili. Siku hizi paka wa kiwanda analivaa wakati wa baridi, na linambana kwapani.

Hakuna aliyepiga makofi. Pasi alilikunja lile sweta, akaliweka mfukoni kama leso.

"Ijumaa," akasema. "Nitaleta sweta jingine. Ni la mwisho nililonalo na ni la dada yule yule. Likitoka sweta, tutazungumza. Likitoka soksi, usisumbuke kuaga."

Kuanzia siku ile Tangulia hakula wala hakulala, na bafuni alikuwa anakaa bila hata mimi kukohoa. Alisoma maandishi yake kuanzia juu hadi chini na kuanzia chini hadi juu. Sufu ilikuwepo kwenye orodha. Sweta lilikuwepo. Maji yake yalikuwa yameandikwa: baridi. Kompaila alikuwa amepitia kila kitu na hakulalamika. Mashine nayo ilipojaribiwa kwa mashuka na taulo, wiki nzima, haikukosea.

"Sasa mbona kila kitu kimekwenda kwenye moto?" alikuwa anajiuliza kwa sauti. "Kila kitu. Mbona?"

"Labda ina baridi," nikamwambia. Hakunisikia.

Jumatano binti yangu alipika nyama, akaweka bakuli katikati ya meza. Tangulia, hata katika huzuni ile, alilichukua kwa mikono miwili akalileta mbele yangu. "Tangulia, mama."

Nikatangulia. Palikuwa na mbavu, palikuwa na paja, palikuwa na maini, na kile kipande cha mafuta kinachopendwa na binti yangu. Mimi sipendi kuwasumbua watu kwa kuchagua. Nilichukua.

Bakuli likafika kwa binti yangu. Akalitazama. Akaliinamisha. "Mama! Umemaliza zote?"

"Nimekaribishwa nyama, nimechukua nyama."

"Maini ni yangu! Kila siku maini ni yangu!"

"Kwani maini si nyama?"

"Mbavu ni zake yeye!"

"Mbavu nazo si nyama? Umeniwekea nyama, umenitanguliza, sasa unaanza kunitajia viungo."

Tulikuwa tunapasha misuli tu, tungeendelea mpaka jioni. Lakini Tangulia alikuwa amesimama, kijiko mkononi, mdomo wazi, akinitazama mimi na sahani yangu kama mtu aliyeona mzimu ukila.

"Ni adabu," akasema.

"Adabu gani?" binti yangu akang'aka. "Huyu amekosa adabu!"

"Siyo mama. Mimi! Orodha yangu ina adabu!"

Akaacha chakula, ambacho kwa kweli hakikuwepo, akakimbilia kompyuta. Ilibidi tumfuate na kumshika shati atueleze.

Mambo yalikuwa hivi. Katika programu, aina zina ukoo. *Nguo* ndiye baba wa wote. *Sufu* ni mtoto wa nguo. *Sweta* ni mtoto wa sufu. Nguo ikifika mbele ya kamera, mashine inaipitisha kwenye foleni ile kuanzia kichwani, kila aina inauliza, "Wewe ni wangu?" Wa kwanza kuitikiwa ndiye anayeichukua, foleni inaishia hapo. Na Tangulia, mtu ambaye hajawahi kumtangulia mzee hata kwenye ngazi, alipopanga foleni alimweka nani mbele? Baba. Halafu mtoto. Halafu mjukuu. Hakufikiri hata kidogo, mkono wake uliandika wenyewe. Basi sweta linafika, baba Nguo anauliza, "Wewe ni nguo?" Sweta lifanyeje? Ni nguo. "Haya, njoo." Na baba Nguo, kwa kuwa hajui habari za sufu, analipeleka kwenye maji ya kawaida, ya moto. Sufu na sweta wako nyuma wamejipanga na heshima zao, hawajaulizwa kitu tangu mashine izaliwe.

"Kompaila hakukukataza?" nikauliza.

"Hakuna kosa la kukataza, mama. Foleni ni halali. Ina heshima tu kupita kiasi."

"Basi weka watoto mbele, tule," binti yangu akasema.

Tangulia akaipeleka mikono kwenye kibodi. Ikasimama hewani. Nadhani kuandika neno *nguo* nyuma ya neno *sweta* kulimuuma kama kumkalisha baba yake nyuma ya bajaji. Tena akasema kuzipanga kwa mkono hakufai, maana kesho mtu ataongeza aina nyingine mwishoni, foleni itaharibika upya na soksi zitarudi. Alitaka kompaila mwenyewe azipange. Aandike kiolezo kinachosema: chukua kichwa cha orodha. Tazama katika mkia, kuna mtoto wake yeyote au mjukuu? Kama yupo, yule mdogo kabisa apande mbele, baba ashuke mahali pake. Kisha nenda kwenye mkia ufanye vivyo hivyo.

"Naandika programu ya utovu wa adabu," alinung'unika huku anaandika. "Mtoto apande, baba ashuke. Samahani, wazee wangu. Samahani."

Aliandika asubuhi yote ya Alhamisi. Mchana akamkabidhi kompaila.

Mimi nimeona mafuriko. Nimeona mvua iliyonyesha mpaka samaki wakaomba mwavuli. Lakini sijaona kitu kama malalamiko aliyotoa kompaila mchana ule. Maneno yalianza kushuka kwenye skrini kama mchele unaomwagika kwenye gunia, mstari juu ya mstari, aina ndani ya orodha, orodha ndani ya mkia, mkia ndani ya mkia wa mkia. Niliweka ndoo chini ya meza. Jirani alikuja kuuliza kama bomba limepasuka. Binti yangu alikwenda kutengeneza kiatu, akakimaliza, akakipeleka kwa mwenyewe, akarudi, maneno bado yanashuka.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema ametembea sana, mama."

"Apumzike basi."

"Hawezi. Sikumwambia pa kusimama." Tangulia akajipiga paji la uso. "Nimemwambia chukua kichwa, nenda kwenye mkia. Sikumwambia ukikuta orodha tupu, ishia hapo. Amefika mwisho, hakuna kichwa, bado anatafuta kichwa."

"Mimi kazi kama hiyo nimeifanya kwenye ndoa," binti yangu akasema.

Aliongeza mstari mmoja. Mmoja tu! *Orodha tupu ikipangwa, inabaki orodha tupu.* Akamkabidhi tena. Kompyuta ikanyamaza. Tukasubiri. Halafu pakatokea neno moja dogo lililomaanisha sawa, na Tangulia akalala pale pale, shavu juu ya kibodi. Sikukohoa.

Ijumaa tulikwenda wote. Kiwanda kizima kilikuwa kimesimama kando ya mkanda, wengine wameshika nguo zao vifuani kwa usalama. Pasi alikuja na sweta la pili, la kijani, amelikumbatia. Lakini hakuliweka mkandani. Alikuwa na wazo lake.

"Kabla ya sweta," akasema, "nataka uongeze aina. Wateja wameanza kuleta makoti ya manyoya. Ongeza sasa hivi, ninaona."

Tangulia akaanza kusogea kwenye kompyuta, fundi mkuu akamzuia kwa mkono wake wa koleo. "Hapana. Akiongeza yeye ataiweka panapomfaa. Nitaongeza mimi. Tuone kama orodha yake inamjua yeye tu."

Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye viatu, na viatu vyangu vina tundu. Fundi mkuu aliinama, akaandika kwa kidole kimoja, akaiongeza *manyoya*, mtoto wa *sufu*, mwishoni kabisa mwa foleni, nyuma ya kila mtu. Akasimama, akajipangusa. "Haya. Washa."

Haikuwaka. Kwenye skrini palikuwa na mstari mmoja tu.

"Imeharibika!" mtu akapaza sauti.

Pasi akamgeukia Tangulia na uso wa chuma cha moto. "Imesema nini?"

Tangulia alisoma kwa sauti ndogo. "Inasema aina ya manyoya haina maji. Mzee ameitaja kwenye orodha lakini hajasema ifuliwe kwenye maji gani. Kwa hiyo kompaila amekataa."

"Amekataa baada ya kuloweka koti la mteja?"

"Kabla, mama. Mashine haijawashwa bado. Hakuna koti."

Pasi akaingiza mkono mfukoni, akatoa lile sweta la soksi, akalitazama, akalirudisha. "Laiti huyo kompaila angekuwepo wakati naolewa," akasema.

Fundi mkuu alikuna kichwa, akaandika *baridi* mahali pake. Safari hii kompaila hakusema kitu. Treni ikanguruma. Likapanda shuka, likaenda kwenye moto. Ikapanda hariri ya mtu mwingine, maana yangu ilishakuwa tambara, ikaenda baridi. Likapanda koti la manyoya aliloliazima Pasi sijui kwa nani, lenye nywele kama mbuzi aliyeshtuka. Liliandikwa la mwisho kwenye foleni, ila kompaila alikuwa amelipandisha mbele ya baba yake na babu yake wakati sisi tunapepesa macho. Likaenda baridi.

Kisha sweta la kijani. Pasi aliliweka mwenyewe na hakuliachia, alitembea nalo kando ya mkanda kama mzazi anayempeleka mtoto shule siku ya kwanza. Kamera ikalitazama. Mkono wa chuma ukainuka. Tangulia alikuwa amefumba macho, na binti yangu alikuwa amemshika mkanda wa suruali ili asianguke.

Likaenda kwenye maji ya baridi.

Lilipotoka Pasi alilivaa pale pale, bichi, linachuruzika maji mpaka miguuni, akanyoosha mikono kulia na kushoto. Mikono ilifika. Wanawake wakapiga vigelegele, nami nikapiga changu mpaka taa moja ikapasuka, wakasema ni umeme.

Pasi akatoa funguo. Zilikuwa kwenye kamba ya viatu. "Kazi ni yako. Nyumba hii hapa."

Tangulia akainua mkono. Kisha nikaona macho yake yanahama. Pembeni yake alikuwa amesimama fundi mkuu, mzee, mvi kichwani, miaka mingi kiwandani, mtu anayekaa mbali na kudandia magari mawili kila asubuhi. Mkono wa Tangulia ukaanza kurudi chini. Kichwa kikaanza kuinama. Mguu ukasogea kando, ule mguu ninaoujua. Mdomo ukafunguka. "Tan..."

Binti yangu alikuwa na nyundo ya viatu kwenye mkoba na niliona anaipapasa.

Akafunga mdomo. Halafu, bila kumtazama mtu, akazinyakua zile funguo kama mwizi.

"Nachukua," akasema. "Nachukua mimi. Samahani, mzee."

"Samahani ya nini?" fundi mkuu akasema. "Nina mke na wakwe na bustani. Nilikuwa nangoja unipe nikatae, sasa umeninyima hata hiyo."

Tulikwenda kuiona nyumba mchana ule ule. Ni vyumba viwili na jiko, kuta zinanukia sabuni mpaka chafya zinatoka safi. Kitasa kilikuwa kimeganda, binti yangu akakipiga nyundo, kikaelewa.

Tangulia akaingia, akasimama katikati ya chumba kitupu, akanyoosha kidole. "Kitanda kitakaa hapa, dirishani."

"Hapo mvua itaingia," binti yangu akasema. "Kitakaa kule."

"Kule hakuna hewa."

"Hewa ya nini, unataka kupaa?"

"Nimesema dirishani!"

"Na mimi nimesema kule!"

Kwangu walikuwa wakigombana kwa kunong'ona, kwa ajili yangu, mpaka nikawa naweka sikio ukutani na bado sipati kitu. Sasa walikuwa wanapiga kelele hadi madirisha yanatetemeka, na wote wawili nyuso zimewanawiri kama watu waliotoka kuoga. Walinisahau kabisa. Nikachukua mkoba wangu, nikatoka polepole, nikawafungia mlango.